Premio au Allion? Gari la familia kwa hesabu ya miaka minne, si bei ya yadi

Tuanze na hukumu: kati ya Toyota Premio na Toyota Allion za umbo la 260 (namba iliyomo kwenye chasisi zake), nunua Allion yenye injini ya lita 1.5. Fedha utakayobakiza ipeleke kwenye giaboksi na matairi.

Magari haya mawili yalitengenezwa kuanzia katikati ya 2007 hadi Machi 2021, na chini ya bati ni gari moja. Injini ni zile zile, giaboksi ile ile, miguu ile ile, hata umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mm 2,700 kwa yote mawili. Ukisoma kadi ya gari, namba ya chasisi ya Premio na ya Allion inaanza kwa herufi zile zile. Tofauti iko kwenye taa, grili, bampa na urembo wa dashibodi. Lakini mtaani Premio ina jina, ni gari la mtu mzima mwenye heshima zake, na jina hilo linalipiwa. Mwenye Premio hashushi bei kirahisi, ilhali mwenye Allion ya mwaka ule ule mnaweza kuelewana. Ukienda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea Dar es Salaam, kutafuta brekipedi au bushi, muuza spea anauliza injini na mwaka tu, wala hajali nembo iliyoko mbele.

Injini ziko tatu. Chasisi ikianza kwa NZT260, injini ni 1NZ-FE ya cc 1,496, yaani 1.5. ZRT260 ina 2ZR ya cc 1,797 (1.8), na ZRT261 ina 3ZR-FAE ya cc 1,986 (2.0). Usimwamini muuzaji anayesema "hii ni 1.8", fungua kadi usome. Ya 1.5 ndiyo injini iliyomo kwenye Probox, Raum, Spacio na Axio nyingi, na ndiyo maana hakuna mji wenye fundi ambako utakwama kwa kukosa koili au pampu ya maji. Haina mkanda wa taiming, ina cheni. Inakunywa lita 3.7 za oili pamoja na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha na kiasi kinabaki cha kuongezea. Udhaifu wake ni mlima: ukijaza watu watano, mizigo na kiyoyozi, mlima Kitonga wa Iringa utaupanda nyuma ya malori. Anayesafiri Mbeya au Arusha kila mwezi achukue 1.8. Anayezunguka mjini asilipie nguvu asizozitumia.

Kwenye 1.8, angalia kama ni 2ZR-FAE. Hiyo ina mfumo wa valvematic unaobadilisha kimo cha ufunguzi wa vali za kuingiza hewa. Ukiwa mzima unabana mafuta vizuri. Ukiharibika, gari linakosa nguvu, taa ya injini inawaka, na kidhibiti chake si kifaa cha bei ndogo. Kinachouharibu zaidi ni oili nzito au ya kughushi, kwa sababu njia zake za oili ni nyembamba. Tumia 0W-20 au 5W-30 kutoka duka unalolijua, usikubali 20W-50 ati kwa sababu "nchi yetu ina joto". Filta yake ni ya karatasi ndani ya kopo linalofungwa kwa kifuniko maalumu. Kagua kifuniko hicho: kikiwa na meno yaliyolika au kinavuja, ujue kimekuwa kikifunguliwa kwa nyundo na bisibisi, na aliyekuwa akifungua hivyo huenda na mengine ameyafanya hivyo.

Sasa hesabu. Tuchukue familia inayotembea km 15,000 kwa mwaka, miaka 4, jumla km 60,000, na petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (EWURA, mdhibiti wa nishati, inabadilisha bei kikomo kila mwezi). Allion ya 1.5 kwa foleni na safari kidogo inakupa km 11 kwa lita: lita 5,455, sawa na milioni 16.4. Mark X ya 2.5, ambayo watu wengi huiweka kwenye mizani moja na Premio kwa sababu bei ya kuinunua hukaribiana, kwa matumizi hayo hayo inakupa km 8 ukiendesha kwa adabu: lita 7,500, milioni 22.5. Hiyo ni tofauti ya milioni 6 kwa mafuta peke yake. Injini ya Mark X ina silinda 6, yaani plagi 6 na koili 6, na oili yake inapita lita 6 kila unapomwaga. Ukimwaga kila km 5,000, ni mara 12 katika kipindi hicho. Ni gari zuri, linatulia barabarani kuliko Allion, hilo hatubishi. Ila halipaswi kuitwa gari la bei nafuu.

Bima ihesabu mapema. Bima ndogo ya gari binafsi Tanzania ni 118,000 pamoja na VAT, uwe na Allion au Mark X. Bima kubwa ndiyo inayofuata thamani: kwa asilimia 3.5, gari la milioni 20 ni 700,000, ukiweka VAT 826,000 kwa mwaka. Leseni ya barabara ya kila mwaka iliondolewa 2017 na tozo yake ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari linalokunywa zaidi linalipa na hiyo zaidi.

Giaboksi ndiyo sehemu ya kutumia muda. Karibu Premio na Allion zote za 260 ni CVT, yaani mkanda wa chuma kati ya puli mbili badala ya gia za meno. Ikitunzwa inadumu. Inakufa kwa mambo matatu: oili ya ATF, yaani ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, kuwekwa badala ya oili ya CVT, joto, na mtu kuhama kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma. Ukinunua tu, mwaga oili yake bila kujali muuzaji amesema nini, kisha rudia kila km 40,000 kwa foleni na joto letu. Toyota ina oili ya CVT ya TC na ya FE. Tumia ile iliyoandikwa kwa gari lako, usichanganye. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, nyingine hubaki kwenye konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo mwaga, endesha siku chache, mwaga tena. Na kipimo kinachukuliwa oili ikiwa na joto lililoelekezwa. Fundi anayepima kwa kukisia gari likiwa baridi mkwepe.

Kuijaribu: endesha kwanza mpaka joto lishike, angalau km 10. Halafu kwenye lami tambarare peleka gari kati ya 30 na 60 kwa kugusa mafuta kidogo sana. Gari likitikisika kwa vipindi vya haraka, kama linapita juu ya matuta madogo ambayo huyaoni, mkanda au konveta imeanza. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda unaweza kuwa beringi ya giaboksi au ya tairi. Yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia: mvumo ukibadilika ni beringi ya tairi, jambo dogo. Usipobadilika, ondoka. Mtetemo gari likiwa limesimama kwenye D peke yake mara nyingi ni mauntingi za injini au throto chafu, tumia hiyo kushusha bei.

Kabla ya hapo, fika asubuhi na uguse boneti. Ikiwa ya moto, injini imepashwa ili usisikie kitu. Ikiwa baridi, washa usikilize sekunde za kwanza: mgongano wa cheni unaoendelea ni ishara ya oili kutobadilishwa kwa muda mrefu. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kwa tochi, matope meusi yanathibitisha hivyo. Fungua na rejeta (ikiwa baridi!): ukikuta maji yenye rangi ya kutu badala ya kulanti ya pinki, huenda themostati imeng'olewa, na injini isiyofika joto lake inakula mafuta. Kwenye 1.8 chungulia pampu ya maji, ukoko wa pinki uliokauka pembeni yake ni uvujaji.

Wapinzani wengine kwa kifupi. Axio ya 2006 hadi 2012 ni nafuu zaidi kuitunza na ina injini hiyo hiyo ya 1.5, lakini watoto watatu wakubwa nyuma watagombana. Nissan Bluebird Sylphy ya G11 ina nafasi ya miguu nyuma ambayo Allion haiifikii, na bei yake hushuka haraka, jambo zuri kwa mnunuzi na baya siku ya kuuza. Chukua ya 1.5 yenye giaboksi ya kawaida ya gia 4, si ya 2.0 yenye CVT. Premio ya zamani, umbo la 240, ukiona 2.0 D4 iache hata kama imeng'arishwa: inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, masizi hujaa kwenye vali, na pampu yake ya presha ni ghali.

Kasoro ya Allion yenyewe ni uchini. Ikibeba watu watano inagusa matuta ya mitaa yetu. Wengi huinyanyua kwa spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi. Chini ya inchi moja inavumilika, zaidi ya hapo shafti zinakaa kwa pembe mbaya na buti zake zinapasuka. Stabilaiza linki na bushi za mbele zitahitaji kubadilishwa, zitenge kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.

Anayeagiza Japani: TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hutumia thamani yake yenyewe, si ya risiti yako, na gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, na kwa kuwa uzalishaji uliisha 2021, huko dirisha la kuagiza Premio na Allion linakaribia kufungwa. Omba karatasi ya mnada: daraja R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa.

Anayenunua la mkononi aingize namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini na aulize deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) kabla ya kutoa senti. Kadi ikiwa na jina la mtu ambaye si muuzaji, uhamisho wa umiliki ufanyike kwanza kwa jina la muuzaji, kwa gharama yake, ndipo mzungumzie bei.