Uzoefu wangu: Blender na lori la LEGO linalokaribia kuwa la kweli

Picha nyingi za modeli za LEGO zilizotengenezwa kwa kompyuta unazitambua hata kabla hujasoma maelezo yake. Matofali yameungana kabisa, kingo zimenyooka mno, rangi ni moja kutoka juu hadi chini, na modeli yote inaonekana imemiminwa kwenye kalibu moja. Mimi hupanga modeli ambazo siwezi kuzinunulia vipande vyote, kwa hiyo picha ndiyo modeli yenyewe. Ndiyo maana nimekaa sana na Blender, programu ya bure ya kutengeneza picha za 3D, na haya ni maoni yangu kuhusu jinsi inavyofanya kazi hii.

Kwanza njia ninayotumia. Modeli naipanga kwenye Studio, programu ya bure ya BrickLink, kampuni ambayo LEGO iliinunua mwaka 2019. Nikimaliza natoa faili la LDraw, halafu naliingiza Blender kwa programu-jalizi iitwayo ImportLDraw, nayo ni ya bure. LDraw ni mfumo wa zamani wa kuchora modeli za LEGO kwa kompyuta: Mwaustralia James Jessiman aliuanzisha mwaka 1995, akafariki 1997, na wapenzi wa matofali wameendelea kuongeza vipande kwenye maktaba yake hadi leo. Unaipakua maktaba hiyo, unaionyesha programu-jalizi ilipo, basi. Modeli niliyoipigia kazi zaidi ni lori jekundu lenye vioo vya kupenya mwanga, na lori hilo limenifundisha mambo yote nitakayoyasema hapa.

Jambo kubwa kuliko yote ni ufa. Katika LDraw, tofali la kinundu kimoja (kile kichomozo cha juu kinachoshika tofali jingine) lina upana wa milimita 8 kamili. La kweli ukilipima kwa kalipa utapata karibu 7.8, na lile la vinundu viwili kwa vinne ni takribani 15.8 kwa 31.8. Upungufu huo wa milimita 0.2 umewekwa ili matofali yasibanane yakipangwa safu ndefu. Kwenye picha ndio unaoacha mstari mwembamba wa kivuli kati ya tofali na tofali. Uondoe mstari huo, na ukuta mzima unageuka ubao uliopakwa rangi. ImportLDraw ina sehemu ya kuweka nafasi hiyo wakati wa kuingiza faili, na hapo hapo unachagua kingo zilizolainishwa kidogo. Hakuna ukingo wa plastiki ulio mkali kweli. Daima una mviringo mdogo, na mviringo huo hushika mwanga na kutoa uzi mweupe pembeni. Mtu akiniambia ana muda wa kubadilisha vitu viwili tu kwenye picha yake, nitamwambia ni hivi viwili, mambo ya taa yasubiri.

Kuna chaguo jingine humo ambalo wengi hulipita: kuta zenye mbonyeo. Plastiki ya ABS, ambayo LEGO wameitumia tangu 1963, husinyaa kidogo inapopoa, na upande wa tofali hauwi bapa kama kioo. Chukua tofali halisi ulielekeze dirishani uone jinsi taswira ya dirisha inavyopinda juu yake. Chaguo hili halibadilishi umbo la kipande, linapotosha mwakisi tu, lakini mabamba makubwa ya pembeni mwa lori langu yalipata uhai ambao sikuupata kwa mbinu nyingine yoyote. Na maandishi madogo ya LEGO juu ya vinundu yawashe pia. Kwa mbali huyaoni, ila kinundu kisicho nayo jicho linakishuku.

Baada ya hapo ndipo taa. ABS inang'aa, na kitu kinachong'aa huonyesha kilichokizunguka. Ukiizungushia modeli kijivu kitupu, itaakisi kijivu kitupu. Mimi hutumia picha za mazingira za duara zima, zinazoizunguka modeli na kuiangazia, kutoka tovuti ya Poly Haven, ambazo ni bure hata kwa kazi ya biashara, hasa za vyumba vyenye dirisha moja kubwa. Chini ya lori naweka meza ya mbao, kwa sababu wekundu wa lori ukiangukia mbao kidogo, macho yanakubali kwamba vitu hivyo viwili viko mahali pamoja.

Rangi nayo ina mtego wake. Tangu toleo la 4.0, Blender huonyesha picha kwa mfumo wa rangi uitwao AgX. Kwa mandhari ya jua kali ni mzuri sana, lakini kwa matofali huupooza wekundu na manjano. Nenda kwenye mipangilio ya rangi uchague Standard. Ni kubofya mara moja tu, na wekundu wa lori unarudi.

Mikwaruzo na alama za vidole huwekwa mwisho, na kwa mkono mwepesi. Wengine huzimwaga kila mahali hadi modeli inaonekana imeokotwa jalalani. Napendelea kuugusa mng'ao tu: sehemu fulani za uso ziwe laini, nyingine zififie kidogo, bila mchoro ule ule wa mikwaruzo kujirudia kwenye kila tofali. Kamera pia isisahaulike. Lori la sentimita 12 likipigwa picha kwa karibu, nyuma yake lazima ififie. Picha iliyo kali kuanzia taa za mbele za lori hadi mandhari ya nyuma inasema wazi kwamba hakuna lenzi iliyohusika.

Upungufu upo. Kompyuta yangu ya mapajani haina kadi ya michoro ya maana, kwa hiyo picha kubwa huiacha ikichorwa usiku kucha. Blender ina kifaa cha kusafisha chembechembe zinazobaki kwenye picha iliyochorwa haraka, kinachookoa muda mwingi, lakini ukikitegemea mno hula yale yale uliyoyahangaikia: mikwaruzo na maandishi ya vinundu. Vioo ndivyo vinavyokula muda zaidi, na ukipunguza idadi ya midundo ya mwanga (mara ambazo mwanga unaruhusiwa kugonga vitu au kupenya) ili uharakishe, kioo cha mbele kinakuwa cheusi.

Je, Studio yenyewe haitoshi? Kwa wengi inatosha. Kichora-picha chake, Eyesight, kimejengwa juu ya Cycles, injini ile ile ya kuchora picha ya Blender, na unapata picha nzuri bila kujifunza lolote jipya. Anayetaka kuonyesha modeli yake kwa marafiki abaki huko. Blender ni ya yule anayetaka kuamua mwenyewe kila kitu hadi upana wa ufa, na kwa huyo naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya vitambaa. Nilifunga turubai nyuma ya lori, kipande kutoka maktaba, kikaja kigumu kama kilivyochorwa. Kukilegeza ni kazi ya kukichora upya kwa mkono, na kwa sasa lori langu linatembea bila turubai.