Mwaka mmoja na TRX-4 kwenye majabali ya Mama Ngina: uzoefu wangu

Gari lenyewe ni Traxxas TRX-4, gari dogo la rimoti la kupanda mawe, kipimo cha moja kwa kumi cha gari halisi, lile lililoingia sokoni mwaka 2017 likiwa na bodi ya Land Rover Defender. Nimekuwa nalo mwaka mzima. Bodi ya Defender siku hizi imetundikwa ukutani, kwa sababu chesisi nimeivika Land Cruiser 70, pikapu. Mtu wa Mombasa ataelewa kwa nini. Land Cruiser ndizo zinazopita Tsavo na Lamu na kila mahali pasipo na barabara, na pikapu zake huunganishwa hapa hapa kwetu, Miritini. Nilitaka gari ninalolijua.

Naandika kwa sababu kila Jumapili nikiwa pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, watu husimama na kuniuliza mambo yale yale: bei gani, linakwenda kasi kiasi gani, na je, maji ya bahari hayaliharibu? Bei na kasi nitavijibu haraka. La bahari lina maneno mengi, na ndilo lililonigharimu.

Bei: kufika mlangoni kwangu Kisauni nilitoa shilingi 96,000, pamoja na usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ndani ya boksi hakuna betri wala chaja, kwa hiyo weka akiba ya hizo pembeni. Betri za LiPo, zile za lithiamu zinazotumiwa na magari haya, ni taabu kuziagiza kwa posta kwa sababu ya hatari ya moto. Zangu nilizipata Nairobi kwa mtu wa droni, zikaja na basi la usiku.

Kasi: halina, na halikuundwa kwa ajili hiyo. Haya ni magari ya kupanda mawe. Unalipeleka jiwe kwa jiwe, gurudumu kwa gurudumu, na mita 10 za majabali zinaweza kukumalizia nusu saa. Mtoto mmoja alinijia akasema, "Ami, naomba nishike." Nikampa rimoti. Akabana traga mpaka mwisho, gari likaruka, likalala ubavu. Nikamwambia, "Gusa tu, kama unayembembeleza mtoto alale." Mara ya tatu akalipandisha jiwe lenye kimo cha goti lake, ulimi nje, bila kupepesa. Hiyo ndiyo raha ya mchezo huu, na huipati kwenye gari la kukimbia.

Sasa gari lenyewe. Kinacholitofautisha na la bei rahisi ni ekseli. Kwenye kila gurudumu kuna gia za ziada ndani ya kitovu, kwa hiyo ekseli inakaa juu ya mstari wa katikati ya gurudumu, mtindo ule ule wa Unimog, lori la Mercedes la njia mbovu. Faida yake ni mbili. Tumbo la difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, linapita juu ya jiwe ambalo gari jingine lingekwama. Halafu, kwa kuwa gia za mwisho ziko gurudumuni, shafti hazibebi nguvu kubwa, na bodi haipindi upande mmoja unapobana traga. Hilo la pili sikulithamini mpaka nilipoendesha gari la rafiki yangu lisilo na gia hizo: kila likipanda linainama bega la kulia kama mbeba gunia.

Difu zinafungwa (magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja) na kufunguliwa kwa rimoti, na hapa kuna jambo litakalomsumbua dereva wa Land Cruiser halisi. Kwenye Land Cruiser kitufe kinaanza kufunga difu ya nyuma, kisha ya mbele. Kwenye TRX-4 swichi ina hatua tatu: zote wazi, ya mbele imefungwa, zote zimefungwa. Nilikaa wiki mbili nikibonyeza kwa mazoea ya gari kubwa. Sasa nimeuelewa mpangilio huo: mara nyingi gurudumu la mbele ndilo linalolishika jiwe kwanza, na nyuma ikiwa wazi gari linakata kona vizuri zaidi. Kuna pia gia mbili, ndogo na kubwa. Kubwa naitumia kurudi nyumbani tu.

Mota ni ya kaboni, yaani ina brashi za kaboni zinazochakaa, saizi 550, mizunguko 21 ya waya. Wengi watakuambia uibadilishe. Mimi sijaibadilisha na sioni sababu. Ina nguvu ya kutosha, na kaboni zikiisha nitajua cha kufanya, maana kazi yangu ni friji na AC, na mota nimezifungua nyingi.

Nilichobadilisha kwanza, na ningekibadilisha kwanza tena, ni uzito. Bodi ngumu ya Land Cruiser niliyoiagiza China ni ya plastiki ya ABS. Ina milango inayofunguka, grili safi, mpaka vitasa. Inapendeza mno. Lakini ni nzito kuliko ile nyembamba ya Defender, na uzito wote uko juu. Siku ya kwanza niliweka gari juu ya ubao, nikauinua upande mmoja, simu yenye kipima mteremko ikiwa juu ya ubao. Kwenye nyuzi 34 gari likaanguka. Kwa majabali ya Mama Ngina, nyuzi 34 ni kuanguka kila dakika tano.

Dawa ni kuweka uzito chini, magurudumuni, na zaidi mbele kuliko nyuma, kwa sababu ukipanda uzito wote unakimbilia nyuma. Kuna rimu na vitovu vya shaba vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na bei yake ni kali. Mimi nilikwenda duka la vifaa vya uvuvi Mji wa Kale nikanunua chubwi, zile risasi za mishipi. Mzee wa duka akaniuliza, "Mwanangu, unavua samaki gani kwa uzito huu?" Nikamwonyesha picha ya gari. Akaitazama kwa muda, kisha akaniwekea mezani chubwi ndefu nyembamba, akasema hizi zitapondeka vizuri kuliko za mviringo. Alikuwa na haki. Nilizigonga kwa nyundo juu ya chuma zikawa ukanda, nikazizungusha ndani ya rimu, nikazifunga kwa gundi ya epoksi: gramu 120 kila gurudumu la mbele, gramu 60 nyuma. Risasi ni sumu, kwa hiyo nilivaa glovu, sikuiyeyusha wala kuipiga msasa, na nyundo niliiosha kabla ya kuirudisha jikoni kwa wenyewe. Ubaoni tena: nyuzi 43. Gari lilikuwa jingine kabisa. Kwa shilingi 700.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze kununua nini, namwambia chubwi.

Kilichofuata ni sevo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Ukiongeza uzito mbele, sevo inafanya kazi ya punda, hasa tairi likiwa limebanwa kati ya mawe mawili. Nilinunua mtandaoni iliyoandikwa nguvu ya kilo 25 na gia za chuma cha pua. Ilidumu wiki tano. Nilipoifungua, gia ya kati ilikuwa ya chuma laini cha rangi ya kijivu, meno matatu yamelala. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja, na pesa yangu ilipotea hivyo hivyo. Ya pili niliinunua ghali mara tatu, na bado inafanya kazi. Jambo moja watu hawaambiwi: sevo kubwa inakula umeme mwingi, na ukiitegemea spidi kontrola (kifaa kinachodhibiti mota) peke yake kuilisha, risiva, inayopokea amri za rimoti, inaweza kuzimika ghafla katikati ya mpando. Weka kile kifaa kidogo cha kupunguza volti, kiilishe sevo moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ni waya nne tu za kulehemu.

Sasa bahari.

Mama Ngina kuna majabali ya matumbawe ambayo nadhani hakuna mtu wa bara anayeweza kuyapata kwa mchezo huu. Jiwe limejaa vishimo na kingo kali, na tairi laini linalishika kama kucha. (Linakata pia. Seti yangu ya kwanza ya tairi ilikuwa imenyofoka vipande baada ya miezi minne, na hilo nalihesabu kama gharama ya kuishi hapa.) Maji yakikupwa, vinabaki vidimbwi katikati ya mawe, na kuvipita kwa gari hili ni raha isiyosemeka. Vifaa vya umeme vimekingwa dhidi ya maji, kwa hiyo nilipita. Miezi miwili nilipita.

Kitabu cha gari kinasema wazi usilitie kwenye maji ya chumvi. Nilikisoma, nikaona ni tahadhari ya kawaida tu, maana nilikuwa naliosha kila nikirudi. Wiki ya tisa nikasikia gurudumu la nyuma kushoto linasaga, sauti ya mchanga kwenye meno. Nikafungua. Beringi ilikuwa na kutu ya rangi ya chai, na ile ya ndani yake haikuzunguka kabisa. Nikafungua beringi zote nane za magurudumu: sita mbovu. Skrubu za chuma kwenye ekseli zilikuwa zimeshikana, mbili zikavunjika vichwa.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa naosha kweli. Siku mbili nilitafuta kosa, mpaka nilipokuwa nakunywa chai nikayaangalia maji ya ndoo. Nyumbani kwetu maji ya kuoshea ni ya kisima, na kisima chetu, kama visima vingi vya Kisauni, kina chumvi. Nilikuwa natoa chumvi nyingi na kutia chumvi kidogo, kila Jumapili, halafu naliacha likauke nayo.

Sasa utaratibu wangu ni huu. Vidimbwi sivipiti tena. Upepo wa kusi ukivuma, rasharasha za mawimbi zinalifikia hata likiwa juu ya jabali, kwa hiyo kuoshwa ni lazima. Natumia maji matamu, lita tano zinatosha, kutoka kwenye madumu ya mkokoteni. Kisha nalipuliza kwa kompresa ya kazini, nikianza na vitovu, halafu difu, halafu chini ya betri. Beringi mpya nilizifungua vifuniko, nikazijaza grisi ya boti, ile ya bluu wanayotumia mafundi wa injini za mashua, nikazifunga tena. Zinazunguka kwa uzito kidogo, lakini kwa gari lisilokimbia hilo si kitu. Skrubu zote za ekseli nimeweka za chuma cha pua na tone la gundi ya nati. Sponji za ndani ya tairi pia zilikuwa zinanyonya maji kupitia vitundu vya rimu na kubaki na chumvi. Niliziba vitundu hivyo, nikatoboa kimoja katikati ya tairi, maji yanatoka yenyewe gurudumu likizunguka. Tangu hapo, miezi minane, sijabadilisha beringi hata moja.

Urembo nimeuweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndio unaopigwa picha. Kerya ya juu niliiunda kwa fimbo za shaba tunazolehemea mabomba ya friji, nikaipaka nyeusi, nikafunga jerikani mbili na jeki. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na niliitoa baada ya mwezi kwa sababu ilirudisha uzito juu. Iko kabatini, naifunga tukienda kupiga picha tu. Viti ndivyo vilivyobaki. Mamangu mdogo ni mshonaji, na nilimpelekea kipande cha kikoi kilichochakaa cha marehemu babu, chenye mistari ya bluu na njano. Alikataa cherehani, akasema itararua. Alishona kwa mkono, jioni mbili, miwani puani, foronya mbili ndogo zenye ukubwa wa kiberiti, na mistari ya kikoi akaipanga iende sawa kutoka kiti mpaka kiti. Ukifungua mlango wa dereva unaviona. Hakuna kitu kwenye gari lile nikipendacho zaidi.

Je, ningelinunua tena? Ndiyo, na ningeanza na bodi nyembamba ya Defender kwa mwaka wa kwanza, nikajifunza kupanda kabla ya kubeba bodi ngumu. Kama mfuko haujafika huko, usikope. Kuna MN82, gari jingine la rimoti, kipimo cha moja kwa kumi na mbili, umbo la Land Cruiser 79, bei yake ni sehemu ndogo ya hii. Nimemnunulia mpwa wangu. Chubwi, grisi ya boti na maji matamu vinalifaa vile vile, na tayari ameniomba kipande cha kikoi kilichobaki.