Walimwita baba yangu mwongo mbele ya watu

Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Nipo Marekani kwa viza ya kazi, H-1B, ambayo kwa kawaida ukomo wake ni miaka 6, kwa hiyo familia tukakubaliana nihamie njia ya mwekezaji, EB-5, ya kupata ukaazi wa kudumu. Masharti mtayasoma wenyewe. Kinachotoa watu jasho si zile dola 800,000 za kuwekeza peke yake, ni kuthibitisha zilikotoka. Zangu ni zawadi ya baba: aliuza ghala la Nyakato na viwanja, mali aliyoichuma kwa sangara na dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Zawadi inakubalika, ila na aliyeitoa lazima aonyeshe alivyoipata kihalali, na kila karatasi ya Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.

Tukaenda ofisi moja mjini Mwanza inayojitangaza kuandaa nyaraka za aina hiyo. Baba alibeba kila kitu: hati, mikataba ya mauziano, karatasi za kodi za TRA, madaftari ya mizani. Kijana wa mapokezi hata shikamoo hakutoa. Akachukua daftari moja, jalada limekaukia magamba ya samaki, akalisukuma kwa ncha ya kidole: "Mzee, dagaa hawawezi kukupa hela zote hizi. Sema ukweli." Watu wamejaa kwenye benchi wanasikiliza! Mtu amelipa kodi tangu mimi sijazaliwa.

Hela yao walidai yote mkononi kabla ya kazi. Tafsiri zilipotoka, upande wa nyuma wa mkataba wa ghala, penye muhuri wa wakili na maandishi ya malipo ya awamu ya pili, wameuruka wote. Mwanasheria wangu huku akarudisha faili zima. Nikipiga simu, "mhusika katoka".

Haki yake nimpe mama mmoja wa chumba cha ndani. Alimwamkia baba, akamvutia kiti, wakapitia madaftari ukurasa kwa ukurasa wakilinganisha na taarifa za benki. Muhuri ule aliutafsiri mpaka tarehe. Mwanasheria akapokea bila swali. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Halafu baba akaniambia walimtoza tena, eti "ada ya marekebisho". Wakosee wao, tulipe sisi? Nyota moja, na hiyo ni ya yule mama. Msiende. Na mkilazimika, mwulizieni yeye mlangoni; wakisema hayupo, geuzeni.