Ndabaka au Sekenke kwa mzee mwenye hema

Toka nistaafu nimeshaenda mara mbili Ngorongoro kutokea Mwanza, peke yangu na hema langu, na kila nikikaa kijiweni naulizwa njia ipi bora, ya geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti au ya mlima Sekenke.

Ya Ndabaka unapita Lamadi, unaingia getini unakatiza Serengeti, kwenye ramani fupi kweli ila vumbi na makorongo ya barabara yanataka kukung'oa meno, halafu unalipa viingilio mara mbili maana Serengeti ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Lakini bonde la Olduvai, kule upande wa Ngorongoro, jamani! Pale mtafiti Mary Leakey alipoona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, kuta zina matabaka ya kijivu na mekundu kama chapati zimepangwa, nilikaa ukingoni mpaka chai ikapoa. Usiku niliolala Seronera, ndani ya Serengeti, ambako kambi hazina uzio, fisi akaja kunusa sufuria niliyokaangia sato, basi nikabana mkojo hadi alfajiri (na umri huu sio mchezo).

Sekenke ni Shinyanga, Nzega, Igunga, unapanda mlima, Singida, Katesh, Babati, lami tupu mpaka Karatu. Ndefu lakini njiani hela inaenda kwenye mafuta tu. Mlimani weka gia nzito na uyaachie malori nafasi. Katesh nililala chini ya mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400, baridi ikanitoa hemani nikamalizia usiku kwenye siti ya gari.

Mimi mgongo wangu unachagua Sekenke, ila roho bado iko Olduvai.