Albamu za Green Day: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetaka kununua muziki wa Green Day hukutana mapema na mikusanyiko ya nyimbo zilizovuma, na ushauri wangu ni kwamba aipite. International Superhits! ya mwaka 2001, kwa mfano, inakoma kabla bendi haijafanya kazi yake kubwa ya 2004, American Idiot, na kundi hili la pop-panki (roki ya haraka na yenye makali, iliyochanganywa na melodi za pop) hueleweka zaidi kwa albamu nzima.

Nafasi ya kwanza naipa Dookie (1994) bila kusita. Ndiyo albamu yao ya kwanza chini ya lebo kubwa, yaani kampuni ya kurekodi, ya Reprise, baada ya kukulia katika ukumbi wa 924 Gilman Street mjini Berkeley, California, ambao haukuzikubali bendi zilizosaini na lebo kubwa. Mtayarishaji Rob Cavallo aliusafisha mlio wao bila kuuondolea makali: katika "Longview", besi ya Mike Dirnt na ngoma za Tré Cool ndizo zinazoibeba sauti ya Billie Joe Armstrong kwenye beti, mpaka gitaa linapoingia kwa kishindo kwenye kiitikio. Yote yanamalizika kwa takriban dakika 40, hivyo inaenea vizuri kwenye santuri moja.

Ya pili ni Nimrod (1997), na najua wengi watanipinga. Insomniac ya 1995 ilikuwa Dookie iliyonuna, nzito na ya haraka. Nimrod ndiyo iliyofungua mlango, kwa fidla ya "Hitchin' a Ride", tarumbeta za "King for a Day", na "Good Riddance", ambayo inategemea gitaa lisilo la umeme na vinanda vya nyuzi tu. Katika nyimbo zake 18 zipo chache ambazo zingeweza kuachwa, lakini bila albamu hii hatua iliyofuata haielezeki.

Hatua hiyo ni American Idiot (2004), ya tatu kwangu, ambayo inasimulia hadithi moja na ambayo ilifikishwa kwenye jukwaa la Broadway, kitovu cha michezo ya kuigiza mjini New York, mwaka 2010. "Jesus of Suburbia" ina sehemu tano na inazidi dakika 9, kwa hiyo kununua wimbo mmoja mmoja ni kuikatakata hadithi. Anayechagua santuri ajue kwamba atapata mbili, na kwamba atainuka mara kadhaa kuzigeuza.

Kerplunk (1991) inamfaa anayependa mlio mbichi, na toleo lake la "Welcome to Paradise", wimbo uliorekodiwa upya kwa ajili ya Dookie, linaonyesha wazi kazi ya Cavallo. Warning (2000) ni tulivu na haijapewa heshima inayostahili. Saviors (2024), ambayo Cavallo alirudi kuitayarisha, ni nzuri kuliko albamu 3 za mwaka 2012, ambazo zikiunganishwa zingetoa moja madhubuti. Father of All (2020) haifiki hata nusu saa. Isikilizwe kwanza mtandaoni kabla ya kuitolea pesa.