Huduma ya msaada wa kisheria Mtwara mjini kwa aliyejeruhiwa na mabaunsa

Mdogo wangu alivunjwa mkono na mabaunsa wa ukumbi mmoja wa starehe, na ofisi ya msaada wa kisheria iliyotuhudumia hapa Mtwara mjini naipendekeza kwa yeyote aliyefikwa na jambo kama hilo, ingawa ina upungufu.

Msaidizi wa kisheria aliyetupokea hakuanza na habari za fidia. Aliomba PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, akaisoma mstari kwa mstari, na alipokuta sehemu ya daktari imeandikwa "maumivu ya mkono" tu, ilhali picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika, alituagiza turudi hospitali kabla ya kwenda kokote. Shambulio la kudhuru mwili lina adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5, wakati kudhuru mwili vibaya kunaweza kufika miaka 7, na ushahidi wa daktari una uzito mkubwa katika kuamua ni kosa lipi litakaloshtakiwa.

Alimwuliza pia mdogo wangu, bila kumung'unya maneno, kama ndiye aliyeanza kupiga, kwa sababu mlinzi ana haki ya kumtoa mtu anayekataa kuondoka mradi nguvu anayotumia isizidi kiasi kinachohitajika. Swali lile lilimkera kijana, lakini mimi niliona heri aulizwe pale kuliko kuulizwa mara ya kwanza kizimbani.

Tulielezwa kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki, majeruhi akiwa shahidi, na kwamba mahakama ikimtia hatiani mshtakiwa inaweza kuamuru amlipe fidia. Kesi ya madai huifungua majeruhi mwenyewe, ndani ya miaka 3, na anaweza kumshtaki baunsa pamoja na mwajiri wake, awe mmiliki wa ukumbi au kampuni ya ulinzi, iwapo kitendo kilifanyika katika kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Msaada uliotufaa zaidi ulihusu karatasi moja. Meneja wa ukumbi alikuwa amejitolea kulipa gharama za matibabu, akaleta hati ya makubaliano ili isainiwe upesi; ofisi iliisoma na kutuonyesha, karibu na mwisho, maneno kwamba mpokeaji "hana madai mengine yoyote sasa wala baadaye", wakati daktari alikuwa bado hajasema kama vidole vitarudi kufanya kazi. Hatukusaini.

Upungufu wake ni kwamba wakili hapatikani kila siku, na msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, kwa hiyo msimu wa korosho, watu wanapofika kutoka Newala na Tandahimba na migogoro ya mauzo, foleni huwa ndefu mno. Maelekezo yote hutolewa kwa mdomo, jambo linalomwonea mgonjwa mwenye maumivu. Karatasi moja iliyoandikwa ingetosha. Huduma ni bure kwa asiye na uwezo, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavyotaka, ila nauli na nakala hujigharamia mwenyewe.

Hati ya madai iliandikwa kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama kisheria, na mdogo wangu aliisoma mwenyewe, akasahihisha mahali palipoandikwa mkono wa kushoto badala ya wa kulia kabla haijawasilishwa.