Uzoefu wangu: GNU Octave kwa kuiga mota ya mashine ya alizeti

Kwa anayefunga mota za mashine za kukamua alizeti hapa Dodoma, Octave, programu ya kompyuta ya kufanya hesabu, inajibu vizuri swali zito: volti zikishuka, mota itaondoka na mzigo? Ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaibeba. Haina visanduku vya kuunganisha kwenye skrini kama Simulink, programu ya kulipia ya kuiga mitambo. Milinganyo mitano ya mota unaiandika mwenyewe, kisha ode45, amri ya Octave ya kutatua milinganyo ya mabadiliko, inaitatua. Naipenda hivyo, kwa sababu hakuna kilichofichwa.

Chukua mota ya kilowati 7.5, volti 400, poli nne, mizunguko 1,440 kwa dakika. Torki yake ya kawaida (nguvu ya kuzungusha) ni karibu Nm 50. Ukinzani wa stata (sehemu ya mota isiyozunguka) pima kati ya temino mbili. Gawa kwa mbili upate wa fezi ya nyota (koili tatu zikikutana sehemu moja), hata kama mota imefungwa delta (koili zikiungwa pembetatu), maana volti tutakayoingiza ni ya nyota. Ongeza asilimia 19 kutoka nyuzi 25 hadi 75, la sivyo unaiga mota baridi. Riaktansi (kizuizi cha koili kwa umeme wa AC) gawanya kwa 314, yaani 2π mara hezi 50, upate henri.

Mtego mkubwa uko kwenye volti. Kwa mfumo wa dq (unaogeuza fezi tatu kuwa mihimili miwili, d na q) unaohifadhi kilele, kilele cha volti ya fezi ya nyota ni 326.6, si 400. Ukiingiza 400, torki inapanda mara 1.5. Ukisahau pia kizidishio cha 3/2 kwenye mlinganyo wa torki, inapungua theluthi moja, na makosa hayo mawili yanafutana! Mwendo unatoka sahihi kabisa, kumbe ampea zimezidi kwa asilimia 22. Kwa hiyo linganisha ampea na kibati cha vipimo kilichobandikwa kwenye mota kwanza, mwendo baadaye.

Mashine ikizunguka nusu ya mwendo wa mota kupitia mkanda, inesha yake (ukaidi wake wa kubadili mwendo) igawe kwa nne. MaxStep, hatua kubwa kabisa ya muda ya ode45, weka sekunde 0.0001.

Kisha jaribu volti 340: torki inabaki asilimia 72. Washa kwa sta-delta (kuanza kwa nyota, kisha kuhamia delta) na inabaki 24 tu. Mashine iliyojaa mbegu haitoki hapo, iwashwe tupu.

Joto milinganyo hii hailioni. Dodoma iko juu ya mita 1,100, wakati vipimo vya kibati huhesabiwa hadi mita 1,000 na nyuzi 40, hivyo mota inayofanya kazi mchana kutwa usiipangie mzigo wote.